Okidi adimu nyumbani: hupatikanaje kihalali, na kwa nini nyingi hufa mapema

Picha ya ua lenye uso wa nyani inazunguka mitandaoni kwa miaka sasa, na chini yake mara nyingi kuna tangazo: pakiti ya mbegu, rangi tano, fukia kwenye udongo na umwagilie kila siku. Ua lenyewe lipo kweli. Ni Dracula simia, okidi ya misitu ya mawingu, yaani misitu ya milimani inayofunikwa na ukungu, ya kusini mashariki mwa Ecuador, iliyopewa jina la kisayansi mwaka 1978. Ila haina rangi tano, haikui kwenye udongo wa bustani, na mbegu zake hazichipui ndani ya kopo hata ukizimwagilia mwaka mzima. Anayelipia pakiti ile hupata mbegu za jani lingine lolote, au vumbi tupu.

Tangazo hilo ni sehemu ndogo tu ya mkanganyiko uliopo. Wapo wanaoamini kwamba kuwa na okidi adimu nyumbani ni kosa la jinai popote ulipo. Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba kununua mmea uliong'olewa msituni ni kuuokoa. Wengine wanadhani okidi hunyonya mti inaoshikilia, au kwamba mmea ukiwa adimu basi lazima uwe mgumu kuutunza. Maswali haya yote yana majibu, na kuyaelewa hakuhitaji shahada ya botania.

Tuanze na majina. Okidi ni familia nzima ya mimea, yenye spishi zipatazo 28,000, moja kati ya familia mbili kubwa kuliko zote miongoni mwa mimea inayotoa maua. Spishi ni aina iliyojitokeza yenyewe porini. Chotara ni matokeo ya kuchanganya spishi mbili au zaidi, mara nyingi kwa mkono wa binadamu. Chotara ya kwanza ya okidi iliyozalishwa na mtu, Calanthe Dominyi, ilichanua Uingereza mwaka 1856. Tangu hapo zilizosajiliwa zimevuka 100,000. Okidi zenye maua mapana meupe au ya zambarau zinazouzwa madukani karibu zote ni chotara za Phalaenopsis, zilizochaguliwa kizazi baada ya kizazi ili zivumilie maisha ya ndani ya nyumba. Hata ile ya buluu iliyokolea ni Phalaenopsis nyeupe iliyotiwa rangi kwenye bua. Bua litakalofuata litatoa maua meupe.

Mtu akisema anatafuta okidi adimu, kwa kawaida anatafuta spishi. Na hapo kuna swali ambalo wauzaji wengi hawalitaki: ni adimu wapi?

Chukua Paphiopedilum rothschildianum, yenye maua ya mistari na petali mbili ndefu zilizonyooshwa kushoto na kulia. Porini inajulikana katika maeneo machache tu ya Mlima Kinabalu, jimbo la Sabah, Malaysia. Ilipoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1888, mfanyabiashara aliyeiingiza Ulaya alitangaza kwamba imetoka New Guinea, ili washindani wake wakaitafute mahali isipokuwepo, na ilichukua mpaka 1959 ndipo ikapatikana tena mahali pake halisi. Porini hali yake ni mbaya sana. Vitaluni, hata hivyo, imezalishwa kwa mbegu kwa miongo kadhaa, na miche yake hupatikana kwa yeyote mwenye subira, kwani kutoka mche hadi ua la kwanza huweza kupita miaka kumi au zaidi.

Sasa chukua Bulbophyllum. Jenasi hii, yaani kundi la spishi zenye ukoo wa karibu, ina spishi takriban 2,000, na nyingi hutoa maua madogo yasiyovuta macho ya mnunuzi. Baadhi yake bado zimejaa kwenye matawi ya misitu yao, lakini kwenye orodha za vitalu huzioni, kwa kuwa hakuna anayeziuliza. Hizo ni adimu sokoni tu. Halafu kuna zile kama Dracula, ambazo huzioni majumbani kwa sababu karibu kila anayezijaribu bila kujua mahitaji yake huziua. Uhaba wa porini, uhaba wa sokoni na ugumu wa kutunza ni mambo matatu yasiyofuatana. Mmea unaweza kuwa unaelekea kutoweka msituni na ukawa mwepesi kabisa dirishani.

Mfano mzuri wa hilo ni Vanda falcata, okidi ndogo ya Japani ambayo matabaka ya juu ya jamii yaliithamini mno enzi za Edo, karne ya 17 hadi ya 19. Leo imepungua sana porini huko kwao, lakini ukiipata iliyozalishwa kitaluni ni miongoni mwa okidi zenye ustahimilivu mkubwa: kimo chake ni cha kiganja, inavumilia baridi ya wastani na joto la wastani, na maua yake meupe hunukia usiku.

Msimamo wangu, basi, ni huu: uhaba wa mmea porini hauongezi thamani yoyote kwa mtunzaji wa nyumbani. Kinachostahili kutafutwa ni spishi iliyozalishwa na mkulima, na ambayo hali ya hewa ya nyumba yako tayari inaiafiki. Anayenunua kwa sababu ameambiwa "zimebaki chache" ananunua matatizo mawili kwa mkupuo, la kwake na la msitu.

Ili uone kwa nini mkulima ana nafasi kubwa hivyo, itazame mbegu. Mbegu za mimea mingi hubeba akiba ya chakula inayomfikisha mche juani. Mbegu ya okidi haina akiba hiyo. Ni ndogo kama chembe ya vumbi, tunda moja linaweza kuwa nazo maelfu hadi mamilioni, na upepo huzichukua zote. Itakayobahatika kutua mahali penye kuvu inayofaa itaingiwa na kuvu hiyo, na kiinitete kitaishi kwa chakula kinachopitia kwa kuvu mpaka kitoe majani yake. Mfaransa Noël Bernard aliligundua jambo hili mwaka 1899, alipochunguza miche ya okidi iitwayo Neottia nidus-avis na kukuta kila mmoja una kuvu ndani yake. Kabla ya hapo wakulima walikuwa wakinyunyiza mbegu kwenye shina la mmea mama na kusubiri bahati.

Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Chuo Kikuu cha Cornell alionyesha kwamba kuvu inaweza kuachwa kabisa, endapo mbegu zitawekwa ndani ya chupa isiyo na vijidudu, juu ya agari, aina ya jeli, yenye sukari na madini. Sukari inashika nafasi ya kuvu. Lakini sukari hiyohiyo ni karamu kwa ukungu wa hewani, ndiyo maana usafi wa chupa hauna mjadala: ikiingia chembe moja tu, ndani ya siku chache chupa nzima inafunikwa na manyoya ya kijivu. Mwaka 1960 Georges Morel akaongeza njia nyingine, ya kukuza mmea kutoka ncha changa ya chipukizi la okidi ya jenasi Cymbidium, na kutokana nayo ukazaliwa uzalishaji wa maelfu ya nakala za mmea mmoja. Si okidi zote zinazokubali njia hiyo. Paphiopedilum, kwa mfano, zimeendelea kuwa ngumu kunakiliwa, kwa hiyo nyingi huzalishwa kwa mbegu na kila mche ni mmea wa peke yake.

Kutokana na hayo mambo mawili yanakuwa wazi. La kwanza, pakiti ya mbegu za okidi za kitropiki yenye maelekezo ya kufukia udongoni ni utapeli. La pili, na hili ndilo la furaha, mkulima akishapata mimea michache ya kuzalishia kwa njia halali, spishi hiyo inaweza kuwafikia watu wengi bila mtu yeyote kugusa msitu tena.

Tuje kwenye sheria, mahali ambapo hofu na uongo vimechanganyika zaidi. CITES ni mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori walio hatarini. Ulisainiwa Washington mwaka 1973, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, na leo una nchi wanachama zaidi ya 180. Familia nzima ya okidi imo ndani yake. Kwa kweli okidi peke yake ni zaidi ya asilimia 70 ya spishi zote zilizoorodheshwa. Nyingi zimo kwenye Kiambatisho cha II, maana yake zinaweza kuvuka mipaka zikiwa na kibali. Chache zimo kwenye Kiambatisho cha I, ambako biashara ya mimea iliyotolewa porini imepigwa marufuku. Humo mna jenasi nzima za Paphiopedilum na Phragmipedium, na spishi kadhaa kama Peristeria elata, ua la taifa la Panama. Hata hizo, zikiwa zimezalishwa kitaluni kutokana na mimea mama ya halali, zinaweza kuuzwa nje ya nchi kwa vibali.

Kwa hiyo CITES haikukatazi kuwa na okidi dirishani. Inachosimamia ni kuvuka mpaka. Ndani ya nchi unabanwa na sheria za nchi hiyo kuhusu mimea pori, na katika nchi nyingi kung'oa okidi kwenye hifadhi ni kosa hata kama hutaipeleka popote. Kuna msamaha mmoja unaowafaa watunzaji: miche ya spishi za Kiambatisho cha II iliyo ndani ya chupa zisizo na vijidudu haihitaji kibali cha CITES. Hata hivyo nchi nyingi hudai cheti cha afya ya mimea kwa kila kinachoingia, na baadhi zina masharti ya ziada, hivyo uliza mamlaka ya mimea ya nchi yako kabla hujatuma pesa. Mzigo ukishafika mpakani bila karatasi, hutaifishwa, na mara nyingi mimea hufa huko.

Na kuna jambo ambalo wengi hulisahau: mmea ulioibwa msituni haugeuki halali kwa kupita mikono mitatu. Mwaka 2002 Mmarekani mmoja alitua Florida na okidi aliyoinunua kando ya barabara nchini Peru, yenye ua la zambarau na waridi linaloweza kufikia upana wa sentimita 20. Wataalamu wa Marie Selby Botanical Gardens, mjini Sarasota, waliielezea haraka kama spishi mpya, Phragmipedium kovachii. Kibali hakikuwepo. Bustani ilikiri kosa na kutozwa faini ya dola 5,000, naye aliyeileta akapewa kifungo cha nje cha miaka miwili na faini ya dola 1,000. Huku nyuma waporaji walikuwa wameshafika kwenye makazi ya mmea na kuubeba kwa wingi. Hatimaye Peru iliruhusu vitalu vyenye leseni kuchukua mimea michache ya kuzalishia, na leo miche iliyotokana nayo inauzwa ikiwa na karatasi zake. Mtu anayetaka okidi hiyo hana tena sababu ya kununua ya wizi.

Paphiopedilum vietnamense haikupata bahati hiyo. Ilielezwa mwaka 1999 kutoka kaskazini mwa Vietnam, na ndani ya miaka michache wakusanyaji walikuwa wameisomba karibu yote kutoka kwenye miamba yake. Miche ya vitaluni ipo sasa, tena mingi, lakini wingi wa majumbani haujairudisha kwenye miamba ile. Nalieleza hili kwa sababu ya wale wanaosema "nimeinunua ili kuiokoa". Pesa ikishamfikia mng'oaji, ujumbe anaoupata ni mmoja tu: rudi ukalete nyingine. Mmea mmoja usio na mwenza, usio na kumbukumbu ya ulikotoka, ukiwa chumbani kwa mtu, hauongezi spishi hiyo hata mche mmoja.

Utautambuaje mmea ulioporwa? Usiridhike na picha ya ua. Omba picha ya mizizi na majani ya zamani. Mmea wa porini huja na majani yenye makovu ya wadudu yaliyokauka siku nyingi, mara nyingine yakiwa na mabaka ya kuvumwani. Mizizi yake minene imekatika ghafla, mingine imebapa upande mmoja kwa sababu ilikuwa imeganda kwenye gome, na vipande vya gome hilo bado vimeng'ang'ania. Kama upo kwenye chungu, vuta taratibu: unachomoka wote, maana haukukulia humo. Mmea wa kitaluni una mizizi iliyochukua umbo la chungu, majani safi, na mashina yanayopanda ngazi kwa ukubwa, kila jipya likiwa kubwa kuliko lililotangulia, tangu udogoni. Na una kibandiko chenye jina kamili, wakati mwingine na namba ya mbegu au majina ya mama na baba.

Kisha muulize muuzaji: nani aliizalisha, ilitoka chupani lini, wazazi wake ni mimea gani? Mkulima halisi hufurahia maswali haya na hukujibu kwa kirefu. Anayekasirika, au anayesifia kwamba ni "ya msituni kabisa, imara zaidi", achana naye. Huo uimara ni hadithi. Mmea uliong'olewa umepoteza sehemu kubwa ya mizizi, umehamishwa kutoka mwanga na ukungu uliouzoea tangu mche, na mara nyingi umebeba wadudu. Mingi haimalizi mwaka.

Unaponunua kwa mkulima, utakuta mimea ya umri tofauti. Chupa ya miche ndiyo rahisi kwa kila mche, lakini siipendekezi kwa anayeanza. Siku ya kuifungua, miche hutolewa kwa uangalifu, agari huoshwa yote kwa maji ya uvuguvugu hadi kwenye shingo ya mizizi, maana sukari itakayosalia itazaa ukungu. Kisha miche hupangwa kwenye kuvumwani aina ya sifagnamu yenye unyevu na kufunikwa kwa plastiki angavu inayofunguliwa kidogo zaidi kila wiki. Imezoea hewa iliyoshiba maji, na ikitolewa ghafla hunyauka siku hiyohiyo. Baadhi hufa hata kwa mikono ya wazoefu. Mmea uliokaribia kuchanua hugharimu zaidi na husamehe zaidi. Katikati yake kuna kipande kilichogawanywa kutoka mmea mkubwa. Hakikisha kina angalau mashina matatu na chipukizi linaloonekana, la sivyo utasubiri miaka kipate nguvu.

Sasa nyumbani. Takriban asilimia 70 ya okidi huishi juu ya miti, na hapa ndipo inapotoka dhana ya kunyonya. Hazinyonyi chochote. Mti ni mahali pa kushikilia tu. Maji huyapata kwenye mvua na ukungu, chakula kwenye takataka zinazooza katika magome na kwenye mwanga. Mizizi yake imevikwa tabaka la velameni, seli zilizokufa zilizo wazi ndani. Ukitaka kuliona likifanya kazi, chukua mzizi mkavu wa Vanda, wenye rangi ya fedha, na uudondoshee maji. Ndani ya sekunde chache ile rangi ya fedha inayeyuka na kijani kinajitokeza kutoka chini, kwanza palipodondokea tone, kisha kinasambaa kwenda pande zote mbili. Velameni imekunywa. Baada ya saa chache kwenye upepo mzizi hurudi kuwa wa fedha, na kurudi huko ni lazima kama kunywa kwenyewe.

Hapa ndipo okidi nyingi zinapouawa na watu wanaozipenda. Fikiria nguo iliyoloweshwa na kuanikwa kambani, na nyingine iliyoachwa imekunjwa ndani ya beseni: maji ni yaleyale, lakini ya pili siku ya tatu inanuka. Mizizi ya okidi kwenye udongo ni nguo ya beseni. Ndiyo maana hupandwa kwenye vipande vya magome ya msonobari, mkaa, sifagnamu iliyolegezwa, au hufungwa kwenye ubao bila chochote. Magome hayo nayo huoza, na kila baada ya miaka miwili hivi huwa tope linaloziba hewa. Mmea unaodhoofika bila sababu dhahiri, toa kwanza kwenye chungu uangalie. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza ni laini, wa kahawia, na ganda lake huvulika na kubakiza uzi.

Swali la "nimwagilie mara ngapi kwa wiki" halina jibu moja, kwa kuwa ubao hukauka kwa saa na chungu cha plastiki kwa siku kadhaa. Mwagilia kwa wingi mpaka maji yatiririke chini, halafu usiguse mpaka panapokaribia kukauka. Maji ya mvua ni bora kuliko yote. Maji yenye chumvi nyingi huunguza ncha za mizizi, na Dracula na jamaa yake Masdevallia hulipia mapema kuliko wengine: ncha za majani zinageuka nyeusi. Mbolea ipunguzwe hadi robo ya kipimo kilichoandikwa, na mara moja kwa mwezi suuza chungu kwa maji matupu. Barafu juu ya mizizi, ushauri unaosambazwa sana kwa ajili ya Phalaenopsis za dukani, haina nafasi kwa spishi ya kitropiki ambayo haijawahi kukutana na barafu maisha yake yote.

Kabla ya yote hayo, hata hivyo, kuna joto, na hili ndilo la kuamua kabla ya kununua. Watunzaji huzigawa okidi kwa joto la usiku: za baridi hutaka nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi, za wastani 13 hadi 16, za joto 18 na kuendelea. Mchana unaweza kuivumilia okidi isiyo ya kundi lako kwa kuitia kivuli na upepo. Usiku mara nyingi huwezi, bila mashine. Weka kipimajoto mahali utakapoweka mmea, kisome alfajiri kwa majuma kadhaa, halafu ndipo ufungue orodha ya kitalu. Mtu mwenye usiku wa nyuzi 24 anayeshikilia kununua Dracula atahitaji kabati lenye kipoza hewa. Pesa hiyohiyo ingempa Angraecum sesquipedale ya Madagaska, yenye nyota nyeupe zenye mrija wa nyuma wa karibu sentimita 30. Hiyo ndiyo okidi ambayo Charles Darwin aliitazama mwaka 1862 akasema lazima yupo nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Nondo mwenyewe alielezwa mwaka 1903, Darwin akiwa ameshafariki. Okidi hiyo ni ya joto, hunukia usiku, huzalishwa sana kwa mbegu, na inachochukia hasa ni kusumbuliwa mizizi.

Mwanga usomwe kwenye majani. Kijani kizito na majani yaliyolegea ni giza. Kijani kinachoelekea unjano ni sawa. Wekundu ni mpaka wa mwisho, na baada yake ni kuungua. Hewa itembee, japo kwa feni ndogo iliyoelekezwa ukutani. Unyevu wa hewani wa asilimia 50 hadi 70 unatosha kwa nyingi, ingawa zile za misitu ya mawingu hutaka zaidi. Na kumbuka kwamba baadhi zina msimu wa kiangazi mwilini. Catasetum hudondosha majani yote na kubaki mashina manene ya akiba. Mwenye huruma humwagilia, na huruma hiyo huozesha. Maji hurudi pale mizizi mipya inapokuwa na urefu wa kidole.

Si kila okidi ni ya mtini, na kanuni hizi zina wavunjaji. Disa uniflora, ua jekundu la kingo za vijito vya Mlima wa Meza huko Cape, Afrika Kusini, hutaka mizizi yake iwe na unyevu mwaka mzima, kwa maji safi na ya baridi yasiyotuama. Kuikausha ni kuiua. Kwa hiyo kanuni ya kuanzia ni kujua mmea unatoka wapi: mwinuko gani, mvua za miezi gani, mtini au mwambani. Kibandiko chenye jina kamili kinakufungulia taarifa hizo zote, na ndiyo maana mmea usio na jina ni hasara hata ukigawiwa bure.

Ukifika nyumbani, mmea mpya usikae na ya zamani. Upe mwezi mmoja peke yake. Angalia vidung'ata kwenye makutano ya majani na wadudu magamba chini yake. Hatari isiyoonekana ni virusi, hasa vile vya Cymbidium na vya Odontoglossum, ambavyo havina dawa na husambazwa na kisu kile kile kilichopita mmea mmoja hadi mwingine. Choma ncha ya kisu kwa moto kati ya mmea na mmea, au tumia wembe mpya kila mara.

Siku okidi yako itakapochanua, na ukapata mtu mwenye spishi hiyohiyo kutoka kwa wazazi wengine, mnaweza kufanya kile ambacho vitalu hufanya. Chavua ya okidi haiko kama unga. Imeshikana kuwa vidonge vidogo vya manjano chini ya kifuniko kwenye ncha ya safu ya katikati ya ua. Gusa kwa kijiti safi, vinanata. Vipeleke kwenye ua la mwenzako, kwenye kishimo chenye ute kilicho chini ya kifuniko hicho. Likipokea, ua hunyauka ndani ya siku chache, na shingo yake huanza kuvimba. Phalaenopsis hukomaza tunda kwa miezi minne hadi sita, Cattleya huweza kufikia mwaka. Maabara nyingi zinazootesha mbegu chupani hupendelea kupokea tunda likiwa bado la kijani, kabla halijapasuka, kwa kuwa mbegu za ndani bado hazina vijidudu na ganda la nje ndilo pekee linalohitaji kusafishwa. Andika tarehe ya uchavushaji na majina ya wazazi wote wawili kwenye kibandiko kilichofungwa kwenye tunda lenyewe, na upatane mapema na maabara kuhusu chupa ngapi zitarudi kwenu na ngapi zitabaki kwao kwa ajili ya watu wengine wanaoitafuta spishi hiyo.